Trials ya stroki mbili: baridi inawaka vizuri, ikipata moto sailensa inapanda yenyewe na mara inazima ghafla

MguuJuu:

Wakuu, habari za muda huu.

Nina pikipiki ya trials (mchezo wa kupita polepole kwenye mawe bila kugusa chini kwa mguu) inayonitoa jasho. Ni ya zamani, silinda moja, stroki mbili, cc 250, inapozwa kwa hewa. Haina betri, umeme wote unatoka kwenye magineto na kupita CDI (kisanduku kinachorusha moto wa plagi). Kabla ya kufika kwangu ililala stoo miaka mingi. Aliyeniuzia alinihakikishia kuwa "ilikuwa inatembea vizuri tu", maneno ambayo nadhani kila muuza pikipiki huzaliwa nayo.

Ikiwa baridi haina neno. Navuta choki, kiki mbili tatu, inawaka, sailensa (mzunguko wa injini bila kugusa resi) inatulia. Naingia kwenye mawe na gia ya kwanza, taratibu, na kwa muda nasahau kabisa kwamba ina matatizo. Ikishapata moto ndipo vituko vinaanza. Naachia mkono wa resi, injini inabaki juu, inalia peke yake kwa sekunde kadhaa ndipo ishuke. Kuna wakati haishuki kabisa mpaka niweke gia, nishike breki na kuachia klachi ili ife. Na kuna wakati inafanya kinyume: nakata kona kali, inazima ghafla. Kuiwasha hapo ni kupiga kiki mpaka mguu uishiwe nguvu. Nikiiacha ipoe, inawaka.

Mchezo wenyewe mnaujua. Unasimama kwenye vikanyagio, injini inazunguka polepole mno, ukigusa chini kwa mguu umepata alama ya adhabu, ikizimika ukiwa umegusa umepata tano. Sasa mimi nazipata tano hata kwenye seksheni (vipande vya njia ya mashindano) za watoto.

Niliyokwisha kufanya: plagi mpya, petroli mpya na oili 50:1, chujio la hewa limeoshwa na kupakwa oili yake, kabureta nimeifungua na kuisafisha. Kompresheni naisikia ipo, kiki inapinga kama inavyotakiwa. Nimecheza pia na skrubu ya hewa: nikiifunga kidogo inakuwa na adabu kwa muda, kisha inarudia yaleyale.

Nianzie wapi?

---

ResiKamili:

Kabureta hiyo mkuu. Usijisumbue kuisafisha, zile za zamani zikishalala zimeoza ndani. Nunua mpya, funga, endesha. Ukiona bado, badilisha CDI.

---

Stroki2:

Mkuu MguuJuu, usinunue chochote kwanza. Ukibadilisha kabureta leo na CDI kesho, siku itakapopona hutajua kilichoiponya, na itakapougua tena utaanza upya na mfuko mtupu.

Nimesoma maelezo yako polepole. Umeandika mambo mawili kama vile ni moja. Sailensa kupanda na kung'ang'ania juu ni jambo moja. Kuzima ghafla kwenye kona ni jingine. Yanaweza kuwa na chanzo kimoja, lakini mimi nisingeanza kwa kuamini hivyo.

Injini inayokosa petroli haifi kimya. Inakohoa, inavuta kidogo, mara nyingi inapanda mzunguko kabla ya kufa kwa sababu mchanganyiko unakuwa mwepesi, yaani petroli pungufu kwa hewa iliyopo. Injini iliyokatika umeme inazima kama taa. Kwa hiyo swali langu la kwanza: hapo kwenye kona, inakohoa au inakata tu?

La pili. Kosa linalotokea ikiwa moto lipimwe ikiwa moto, palepale ilipozimia, kabla hujaisukuma mpaka kivulini. Wengi wanaisubiri ipoe, wanairudisha nyumbani, wanapima pikipiki nzima, halafu wanasema haina kitu. Siku hiyo ilikuwa nzima kweli.

Weka mfukoni spana ya plagi na plagi nyingine unayoijua. Ikizima, fanya hivi kwa haraka. Toa kofia ya plagi, chomeka ile plagi ya akiba, igusishe vizuri kwenye chuma cha hedi, mbali na tundu, na plagi ya kwanza uiache imefungwa mahali pake. Usiitoe kwanza, maana kila kiki inatema mvuke wa petroli kupitia tundu, na cheche iko jirani; nimeona nyusi zikiungua. Wala usipige kiki plagi ikiwa inaning'inia bila kugusa chuma. Umeme wa CDI usipopata pa kwenda unatafuta njia ndani ya koili yenyewe.

Piga kiki, angalia moto wa plagi. Ukiwa mweupe au wa bluu na unasikika ukilia, endelea. Ukiwa mwekundu na mwembamba, au haupo, umeshajua upande wa kutafuta. Ila kumbuka kwamba plagi ikiwa hewani kazi yake ni nyepesi. Ndani ya silinda hewa imebanwa na moto unahitaji volti nyingi zaidi kuruka nafasi ileile. Ndiyo maana mimi natumia plagi ya majaribio niliyoipanua nafasi mpaka milimita 6. Umeme ukiruka hapo, ndani utaruka.

Kisha sasa toa ile plagi iliyokuwa kwenye injini. Imelowa petroli? Mafuta yanafika, moto ndio haupo, au yanafika kupita kiasi. Ni kavu kabisa baada ya kiki zote hizo? Petroli haifiki. Hapo fungua kifuniko cha tenki. Ukisikia kinavuta pumzi na baada ya muda pikipiki inawaka, tundu la hewa la kifuniko limeziba. Kwenye trials ule mpira mdogo wa kupumulia una tabia ya kubanwa au kujaa matope.

La tatu, kuhusu sailensa. Ikipanda tena, usiibane kwa klachi mara moja. Vuta choki kidogo. Ikitulia au ikashuka, ujue ilikuwa na hewa nyingi kupita kiasi kwa petroli iliyopo, na choki imeirudishia petroli. Maneno yako kwamba ukifunga skrubu ya hewa "inakuwa na adabu" yananielekeza hukohuko. Kuna hewa inaingia mahali isipotakiwa, au jeti ndogo (kitundu cha kabureta kinacholisha petroli resi ikiwa chini) imeziba nusu.

Na hilo neno "nimeisafisha" linanipa shida. Ulitoa jeti ndogo na kuchungulia mwanga ndani yake? Kwenye jeti za kabureta za Dell'Orto namba iliyochongwa ni kipenyo cha tundu kwa sehemu za mia za milimita: 40 ni milimita 0.40. Utando wa petroli iliyokauka unaiziba bila wewe kuona chochote. Na kwenye trials jeti hiyo ndiyo inayokulisha karibu muda wote, maana mkono wa resi unaishi robo ya chini. Jeti kubwa unaweza kuisahau.

---

PlagiNyeusi:

Shikamoo Stroki2.

MguuJuu, mimi naendesha trials, si fundi, kwa hiyo nina swali la mwendeshaji. Inazima ukikata usukani upande gani? Pande zote, au mmoja? Usukani wa trials unakata mbali kuliko wa pikipiki nyingine, na nyaya zote zinapita pale kwenye shingo ya fremu zikikunjwa na kukunjuliwa siku nzima.

Jaribu ikiwa kwenye stendi, injini imetulia. Kata usukani hadi mwisho kushoto, kisha hadi mwisho kulia, polepole. Ikizima, ni waya. Mzunguko ukipanda, ni kebo ya resi inayovutwa kwa sababu imepitishwa vibaya au mpira wake wa nje umetoka kwenye kikombe chake.

---

Stroki2:

Marahaba, dada. Swali hilo ndilo nililopaswa kuanza nalo, lina thamani kuliko nusu ya barua yangu.

Niongeze kwa faida ya MguuJuu. Pikipiki yako haina betri, kwa hiyo swichi ya kuzimia haikati umeme, inaupeleka chini. Ukibonyeza, waya wa CDI unaguswa kwenye chuma na moto unakufa. Maana yake waya huo ukichubuka mahali popote na kugusa fremu, ni sawa na mtu kukuzimia pikipiki ukiwa juu yake. Uchomoe ule waya wa swichi karibu na CDI kisha urudie jaribio la kukata usukani. Isipozima tena, umemshika.

Fanya hivyo ukiwa umesimama nayo tu, usiende nayo kwenye mawe. Pikipiki yenye tabia ya kupandisha mzunguko peke yake na haina swichi ya kuzimia si ya kupanda.

---

MguuJuu:

Wakuu nimerudi na majibu.

Dada PlagiNyeusi, umelenga. Kushoto hakuna kitu. Kulia hadi mwisho: kimya! Haikohoi, haipandi, inakata. Nimefungua nyaya pale shingoni, nikakuta waya mweusi wa swichi umesagwa na kipande cha bati kinachoshikilia taa, shaba inaonekana. Nimeuchomoa kwenye CDI, nikakata kulia mara kwa mara, haizimi. Nimeuunganisha upya, nikaufunika, nikaupitisha njia nyingine yenye nafasi.

Kinachonishangaza ni kwa nini ilikuwa inazima ikiwa moto tu, na ikipoa inawaka.

Kabla ya kuona huo waya nilikuwa nimepima pia stata (koili za magineto). Koili moja ilisoma ohm 105 ikiwa baridi, na ikiwa moto ikasoma 122. Nimeingiwa na hofu, maana kitabu kinataja namba moja tu. Imeharibika?

Sailensa bado. Nilitoa jeti ndogo, nikaipulizia dawa, mwanga unapita duara safi kabisa. Nikaendesha, ikapata moto, ikapanda. Nikavuta choki kama ulivyosema, ikashuka palepale na kutulia.

---

Stroki2:

Haikuwa inazima kwa sababu ya joto. Ikiwa baridi unakwenda moja kwa moja, unaipasha, hukati kona kali. Ukishaingia kwenye seksheni ndipo unakata hadi mwisho, na kufikia hapo imeshapata moto. Vitu viwili vinatokea wakati mmoja, ukadhani kimoja ni baba wa kingine. Na kupoa hakukuiponya: uliisimamisha, usukani ukanyooka, waya ukaachana na fremu. Kule kuhangaika kuiwasha ni kwa sababu umepiga kiki bila moto, silinda ikajaa petroli, plagi ikalowa. Ikijaa namna hiyo funga petroli, fungua mkono wa resi wote, piga kiki mpaka ikohoe.

Stata yako ni nzima. Shaba ikipata joto ukinzani wake unapanda, karibu asilimia 0.4 kwa kila digrii moja. Toka 105 mpaka 122 ni kama asilimia 16, yaani injini imepanda joto kwa digrii 40 hivi. Ndiyo kazi ya shaba. Stata inayokufa ikipata moto kwa kawaida inasoma namba ya ajabu kabisa, au mita haisomi chochote kwa sababu uzi umeachana.

Sasa tubaki na hewa. Jeti safi, choki inaituliza. Kuna mlango wa hewa ambao si kabureta. Anza na wa nje: mpira unaounganisha kabureta na injini. Ukunje kwa mkono uangalie nyufa, hasa chini ambako jicho halifiki. Kaza klipu. Injini ikiwa kwenye sailensa puliza maji yenye sabuni kuzunguka mpira na gasketi ya vali ya ridi, pale mchanganyiko unapoingilia injini. Sauti ikibadilika umepata. Watu wanatumia dawa ya kabureta kwa kazi hii. Inafanya kazi, na inawaka moto vilevile, kwa hiyo mimi natumia maji.

Kama hapo ni safi, macho yangu yako kwenye sili ya kranki (mpira unaozuia hewa kupita kwenye mhimili) upande wa magineto. Imelala stoo miaka mingi, mdomo wa mpira umekauka umekuwa mgumu. Ikiwa baridi oili nzito inaziba pengo. Ikipata moto oili inakuwa nyepesi, pengo linafunguka, injini inavuta hewa kupitia nyuma ya flaiwili (gurudumu zito la magineto). Mchanganyiko unakuwa mwepesi, mzunguko unapanda. Usiendelee kuiendesha hivyo. Mchanganyiko mwepesi una joto, na pistoni itakushikia silinda siku moja ukiwa katikati ya mlima.

---

ResiKamili:

Basi kama ni mchanganyiko mwepesi aongeze oili iwe 25:1 ailinde pistoni akiwa anatafuta sili. Rahisi.

---

Stroki2:

Hapana kaka. Oili inakaa kwenye nafasi ya petroli. Lita ileile inayopita kwenye jeti sasa ina petroli pungufu, kwa hiyo mchanganyiko wa petroli na hewa unazidi kuwa mwepesi, si mzito. Tena kwa injini ya trials inayozunguka polepole, oili hiyo ya ziada haiungui vizuri. Inakwenda kukaa kwenye silensa ya ekzosi na kuwa lami. Nimewahi kuona silensa ya trials iliyokuwa nzito kuliko mwenye pikipiki alivyodhani silensa zinaweza kuwa, na pikipiki haipumui.

50:1 ni mililita 20 kwa lita. Kwa pikipiki ya umri huo iache hapo. Hizi mpya wengi wanatumia 80:1, yaani mililita 12.5, kwa oili za kisasa. Fuata kitabu chako.

---

PlagiNyeusi:

Mzee, yeye atajuaje kama ni sili kabla ya kung'oa flaiwili? Mimi mwenyewe nataka kujua.

---

Stroki2:

Kwa kuipima pumzi. Na hapa nitakuwa mrefu, maana jaribio hili linaokoa injini nyingi na watu wachache mno wanalifanya, wakidhani linataka kifaa cha kiwandani.

Tafuta ile mashine ya kupimia shinikizo la damu, ya zamani, yenye mpira wa kubinya na saa ya mshale. Mshale wake unafika 300, na 300 za kipimo kile (milimita za zebaki) ni karibu bar 0.4. Bahati ni kwamba bar 0.4 ndiyo hasa presha tunayoitaka kwa stroki mbili. Ukizidisha sana unaweza kuzisukuma sili zitoke mahali pake, kwa hiyo usiunganishe kompresa ya tairi.

Ondoa kabureta na ekzosi. Ziba mpira wa kabureta kwa kipande cha mti cha duara kinachoingia kwa kubana, ukaze na klipu. Ziba tundu la ekzosi kwa mpira wa tyubu na bati lililokazwa kwa bolti zilezile za ekzosi. Plagi ya zamani itoe kaure ya ndani, ibaki ganda lenye uzi wa kufunga. Hapo gundisha bomba dogo, ndipo mpira wa kubinya unapoingia. Zungusha kranki mpaka pistoni iwe chini kabisa, ili matundu ya pembeni yafunguke na silinda iwasiliane na chumba cha kranki. Binya mpaka 300, funga kijiskrubu, angalia mshale.

Injini nzima itakaa. Mimi nakubali ipungue namba zisizozidi 50 kwa dakika, zaidi ya hapo natafuta. Paka sabuni: kitako cha silinda, hedi, maungio ya injini, mpira wa kabureta, na vizibo vyako mwenyewe, maana mara nyingi kinachovuja ni kizibo ulichotengeneza. Kisha toa kava la magineto, paka sabuni nyuma ya flaiwili kwenye mhimili wa kranki. Povu likitoka hapo, kesi imekwisha.

Kuna sili ya pili, upande wa klachi. Hiyo ikivuja hewa inaingia kwenye giaboksi. Chukua mpira wa kupumulia wa giaboksi, uzamishe ncha yake kwenye kikombe cha maji. Ukiona mapovu yanapanda huku mshale unashuka, ni hiyo. Ila dalili zake barabarani ni tofauti: inavuta oili ya giaboksi badala ya hewa, moshi mweupe hauishi hata ikiwa moto, na oili inapungua bila tone kudondoka chini.

---

MguuJuu:

Nimefanya. Mashine ya presha niliipata kwa ndugu aliyeiacha kabatini baada ya kununua ya kidijitali. Ameniuliza nani anaumwa, nikamwambia ni kijana wangu mmoja.

Vizibo vilinisumbua kuliko injini, hasa cha ekzosi. Kilipokubali kukaza, nikabinya mpaka 300 na mshale ukaanza kutembea kama unanikimbia, hata nusu dakika haikufika uko chini ya 100. Kikombe cha maji: kimya, hakuna povu hata moja. Kitako cha silinda na hedi: safi. Nyuma ya flaiwili sabuni ilichemka.

Nina pula (kifaa cha kung'olea) ya flaiwili. Naomba mwongozo wa kutoa sili bila kupasua injini.

---

Stroki2:

Safi sana. Kwanza angalia kwenye kitabu au kwa macho kama sili inatokea nje. Injini nyingi inatoka, lakini zipo ambazo kesi ina ukingo kwa nje, na sili inaingia kwa ndani tu. Hizo hakuna ujanja, lazima zipasuliwe.

Flaiwili itoke kwa pula, si kwa nyundo. Nyundo inahamisha kranki na kuvunja sumaku. Kabla ya kulegeza sahani ya stata chora mstari wa msumari unaovuka sahani na kesi, usipoteze muda wa moto, yaani wakati cheche inapotakiwa kuruka. Na ukiishatoa flaiwili angalia ile kii ndogo ya nusu duara kwenye mhimili. Kwenye trials flaiwili ni nzito na injini inasimamishwa ghafla kwenye mawe kila siku. Kii inakatika nusu, flaiwili inahama kidogo, muda wa moto unapotea na kiki inaanza kukupiga teke. Ikiwa na alama yoyote, badilisha.

Sili yenyewe: toboa vitundu viwili vidogo kwenye uso wake, vikitazamana, kwa keekee ya milimita 2, ukiwa umefunga utepe kwenye keekee ili isizame. Nyuma yake kuna beringi. Paka grisi kwenye keekee, vinyweleo vya chuma vinanasa humo. Ingiza skrubu mbili ndogo, vuta kwa koleo upande huu kidogo, upande ule kidogo. Usichokonoe kwa bisibisi kwenye mhimili. Mkwaruzo mmoja na sili mpya itavuja kama ya zamani.

Ikishatoka pitisha kucha kwenye mhimili mahali mdomo wa sili unapokaa. Kutu ya kulala stoo inakaa hapo. Kama ni nyepesi, isugue kwa msasa laini sana wenye oili, kwa kuzunguka, si kwa kwenda mbele na nyuma. Kama kucha inakwama kwenye mfereji, sili mpya ipigwe milimita moja nje au ndani ya pale ilipokaa ya kwanza ili mdomo upate chuma kipya, mradi usizibe njia ya oili ya beringi.

Tikisa kranki juu na chini kabla hujafunga. Ikicheza, beringi imekwisha na sili mpya haitadumu.

Mdomo upakwe grisi, sili isukumwe sawasawa kwa kipande cha bomba kinachokaa kwenye ukingo wake wa nje. Koni ya mhimili na ya flaiwili zikaushwe kabisa, zisiwe na grisi wala oili, maana kinachoshika flaiwili ni koni zenyewe, kii ni ya kuelekeza tu. Kaza nati kwa kipimo cha kitabu. Halafu pima pumzi tena kabla ya kurudisha kabureta.

---

MguuJuu:

Imefungwa. Sili ya zamani ilikuwa ngumu, nimeikunja ikapasuka. Mhimili ulikuwa na kutu nyepesi, msasa umetosha. Kii nzima, beringi haichezi.

Mshale umekaa 300, ukashuka kidogo sana nikiwa nautazama. Nimeiwasha, nikaipasha, nikaingia kwenye mawe. Naachia resi, inashuka. Nakata kulia hadi mwisho, inaendelea kulia. Sasa sailensa iko chini mno na ikitoka kwenye kona inasita, kama imeshiba.

---

Stroki2:

Imeshiba kweli. Uliifunga skrubu ya hewa ili ufidie hewa iliyokuwa ikiingia nyuma ya flaiwili. Hewa hiyo haipo tena.

Ipashe moto vizuri kwanza. Fungua skrubu robo mzunguko kwa robo, ukisubiri kidogo kila mara, mpaka mzunguko ufike juu kabisa, kisha ifunge kidogo tu kutoka hapo. Ndipo ushushe sailensa kwa ile skrubu nyingine ya kusimamisha slaidi. Hakikisha tu unajua skrubu yako ni ipi: ikiwa upande wa chujio inaongoza hewa, kuifungua ni kupunguza uzito, ikiwa upande wa injini inaongoza petroli, na kila nilichosema kinageuka.

---

PlagiNyeusi:

Na sili ya upande wa klachi je, aibadilishe akiwa bado ana moyo?

---

Stroki2:

Kikombe chake hakikutoa povu, kwa hiyo aiache, ila anunue kabisa aiweke sandukuni. Imelala stoo miaka ileile na mwenzake. Apime oili ya giaboksi kila anapoosha pikipiki. Ikianza kupungua, kwenye injini nyingi za aina hiyo anafungua kava la klachi, anatoa gia ndogo ya kwenye kranki, na sili iko nyuma yake.